Mara Mbili ni Sumu

Mama mkwe wangu, Mama Bernadetha, akishika simu huongea kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, kwa hiyo nilipoona jina lake nilitoka uani kabla ya kupokea. Tulikuwa tumemzika baba juzi yake. Ndani ya nyumba yetu ya Kaniha wanawake walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka, na sikutaka habari za Ntobeye, nilikoolewa, zisikike mpaka msibani.

Alinipa pole upya, akauliza kama mama yangu anakula, akasema jumuiya yao imemwombea marehemu. Kisha akaingia kwenye alichopigia. Kikohozi cha binti yangu Akimana kimekataa kupona. Amekunywa dawa ya duka mpaka ikaisha, na kifua bado kinakoroma. Yeye amevumilia vya kutosha, na leo hii anampeleka Lukole kwa Mzee Gaspari akakatwe kilimi.

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya koo. Kwetu huku mtoto akikohoa kwa muda mrefu, lawama ni ya kilimi: kimerefuka, kinamkuna, kikatwe kikohozi kiishe. Huwezi kuwaambia watu vinginevyo, maana kila mmoja anamjua mtu aliyekatwa akapona. Ambao hawakupona hawapo wa kubisha.

Mimi ni mtu wa kukasirika upesi, ukweni wanalijua hilo na wameshalizoea. Lakini pale uani hasira haikuja. Ilikuja hofu.

Akimana ana miaka minne. Ana ugonjwa ambao madaktari wa Mwanza wanauita sistiki faibrosisi, na sisi nyumbani tunauita ugonjwa wa chumvi, kwa sababu ngozi yake ukiibusu unaonja chumvi. Aliyegundua wa kwanza ni huyo huyo Mama Bernadetha. Alimbusu mjukuu wake kwenye paji la uso akiwa bado mchanga, akalamba midomo, akaniambia mtoto huyu ana ladha isiyo ya watoto, nimpeleke akaonwe. Nisingempeleka kokote kama si yeye. Huko Mwanza walimpima jasho, wakatueleza. Makamasi ya mtoto wa namna hii ni mazito mno. Yanajaa kwenye mapafu, ndiyo kikohozi. Yanaziba pia njia ya majimaji yanayosaga chakula, kwa hiyo mafuta anayokula yanapita tu kama mgeni asiyekaribishwa, na vitamini zinazosafiri ndani ya mafuta zinapita nayo: A, D, E na K. Ndiyo maana kila mlo anapewa chengachenga za kusagia chakula, na kila asubuhi kidonge kimoja cha vitamini cha kutafuna, akile na kitu chenye mafuta, parachichi au karanga au maziwa yasiyoenguliwa. Muuguzi alinieleza kazi ya kila herufi. Hiyo ya mwisho, K, ndiyo inayogandisha damu. Mtoto asipoipata, jeraha dogo tu halifungi.

Nikamuuliza Mama Bernadetha kama mtoto yu mzima, ukiacha kikohozi. Akasema yu mzima, ila majuzi alitoka damu puani akiwa anacheza, na miguuni ana mabaka meusi kama aliyegongwa, watoto ndivyo walivyo.

"Mama," nikasema, "vidonge vya kutafuna anakula?"

"Vile nimeviacha. Nitakueleza ukija."

Nilimwambia asiende Lukole. Nilimwambia kwa sauti ambayo mkamwana hatakiwi kumpazia mama mkwe wake hata nyumba ikiungua, mpaka kuku wa uani wakanipisha. Upande wa pili nikasikia pikipiki inawashwa, na Akimana anakohoa, karibu kabisa na simu.

"Wewe maliza kumlilia baba yako," akasema Mama Bernadetha, kwa upole kabisa. "Huku niachie mimi."

Simu ikakatika. Nilipopiga tena ilikuwa haipatikani, na ikaendelea kutopatikana.

Nikampigia mume wangu, Ildefonce, ambaye yuko Kahama kwenye ujenzi. Kumbe alikuwa na habari. Mama yake alimwomba ruhusa tangu jana naye akampa, kwa sababu Ildefonce hajawahi kumnyima mama yake kitu chochote tangu azaliwe. Hata mimi nilikatwa kilimi, akaniambia, na kaka zangu wote, tumekufa? Nikamwambia yeye alikatwa akiwa na damu inayoganda, binti yake leo hana, ameachishwa vitamini, pua inatoka damu yenyewe bila kuguswa, sasa mtu anataka kumtia kisu kooni. Nikasikia nyundo za wenzake zinagonga. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba atampigia mama. Nikamwambia apige mpaka vidole viote sugu, simu imezimwa.

Jirani yetu wa Ntobeye, Febronia, nilipompigia alipokea, lakini alikuwa shambani, na alikuwa amewaona wakipita na pikipiki. Namba ya Gaspari hakuna aliyekuwa nayo. Watu wa kazi ile hawagawi namba, maana hospitali haziwataki.

Nikaingia ndani kumwambia mama yangu. Kaka yangu Yohanes alianza kusema kwamba mtoto wa marehemu haondoki matanga hayajaondolewa, watu watasemaje. Hakumaliza. Mama aliinua uso, na ulikuwa uso wa mtu aliyelia siku nyingi, akasema:

"Baba yako hana haraka tena. Nenda kwa mwenye haraka."

Nikaondoka na kanga niliyojifunga, viatu nikavalia njiani.

Kama unajiuliza kwa nini sikuwa na mtoto wangu: baba aliugua kifua kikuu, na nilipoitwa kumuuguza, madaktari walinikataza kabisa kumsogeza Akimana kwenye nyumba ile. Mapafu yake hayana nafasi ya ugonjwa mwingine. Nilimwacha kwa bibi yake kwa sababu hakuna mtu duniani anayempenda zaidi, na hakuna mtu ambaye Akimana anamsikiliza zaidi. Mimi nikimwambia kula, ananiuliza kwa nini. Bibi akimwambia kula, anakula. Nilimwonyesha Mama Bernadetha kila kitu, akanionyesha na yeye kwamba ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa. Sasa njia nzima hadi barabara kuu swali lilikuwa moja tu, kwa nini ameacha. Nilimtafutia kila sababu mbaya, nikazipata nyingi.

Lori lililonibeba lilikuwa la saruji, linaelekea Rusumo. Dereva, mtu mwenye shingo nene aliyeniambia anaitwa Ndizeye, aliona kanga ya msiba akaacha redio imezimwa, nikamshukuru kwa hilo. Barabara inaingia porini, halafu inapanda na kushuka, na lori lenye saruji likipanda mlima linatambaa. Nilikuwa nakandamiza sakafu kwa miguu kana kwamba mimi ndiye ninayelisukuma lori. Mwisho aliniuliza nakimbilia nini. Nikamweleza. Akatafakari mpaka tulipofika kileleni, kisha akasema yeye mwenyewe alikatwa kilimi akiwa mdogo, na tangu hapo hajakohoa, isipokuwa kwa vumbi.

Benaco nikashuka, nikapanda pikipiki ya kijana anayeitwa Anatory. Naye alikatwa. Alinieleza akiwa amegeuza shingo, upepo unampiga maneno. Nikaanza kuona kwamba wilaya mbili nzima mwenye kilimi ni mimi peke yangu. Nikamwambia aangalie mbele.

Kwa Mzee Gaspari anakujua kila mwendesha pikipiki. Ni pale Lukole, ambako zamani zile kambi ya wakimbizi ilikuwa mji mzima, na sasa ni majani na mashamba na misingi ya matofali iliyozama ardhini. Njiani nilikuwa naomba, lakini maombi yangu yalikuwa mafupi na ya kugombana. Nilikuwa namwambia Mungu, umeshachukua mmoja wiki hii.

Tulikuta watu wamekaa kwenye gogo wakisubiri zamu, wanawake wawili na watoto wao. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha nyasi, kimefunguka upande mmoja. Mama Bernadetha alikuwa amekaa mkekani, ametandaza miguu, Akimana amelazwa katikati ya mapaja yake, kichwa amekibana kwa viganja. Mzee Gaspari alikuwa amepiga magoti mbele yao. Mkono mmoja ulikuwa na kijiko kirefu cha kukandamizia ulimi, na kando ya goti lake, juu ya jani la mgomba, kulikuwa na kisu kidogo kilichopinda kama ukucha wa jogoo.

"Fungua mdomo wote," alikuwa anamwambia Akimana. "Kama unamwonyesha bibi meno."

Akimana akafungua.

Sikusema shikamoo. Wazee wawili, na mmoja ni mama mkwe wangu, nami nikaingia kama mbuzi anavyoingia shambani. Nilimrukia mwanangu, nikamfunika mdomo kwa kiganja. Meno yake yakagonga kidole changu. Alikuwa ananitazama kwa macho makubwa, hajanitambua bado, na kifuani kwake shuka lilikuwa limelowa.

Nililifunua. Gaspari ana utaratibu wake, na watu wanamsifu kwa hilo kwamba haruki hatua. Kwanza anachanja chale kifuani, vijistari vidogo vya wembe, anapaka jivu la dawa. Damu ikikauka, ndipo anakuja kwenye kilimi. Kwa watoto wengine damu inakauka kabla mama hajamaliza kumbembeleza mtoto. Akimana alichanjwa asubuhi, wa kwanza, na waliokuja nyuma yake walikwisha kukatwa na kuondoka. Yeye damu yake haikukauka. Gaspari alipaka jivu tena, halafu akapaka unga wa kahawa, kisha utando wa buibui, na kutoka chini ya hayo yote damu iliendelea kuchuruzika, nyembamba, polepole, kama maji yanayovuja kwenye mtungi. Mpaka akachoka kusubiri. Akaamua damu ya kifua na damu ya koo ni vitu viwili.

Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba kisu kilikuwa bado kikavu.

Gaspari hakuwa mkali. Aliniuliza kama ni mimi mama, akasema nimsaidie kumshika, ni jambo la kufumba na kufumbua. Nikamwambia mtoto huyu damu yake haigandi. Akasema damu zote zinaganda. Nikamshika mkono, mkono wa mzee wa umri wa baba yangu, nikauweka juu ya kifua cha Akimana, kisha nikaugeuza ili auone kiganja chake mwenyewe. Alikitazama muda. Alifuta kiganja kwenye suruali, akachukua kisu, akakifunga ndani ya lile jani la mgomba.

"Mpelekeni," akasema.

Mama Bernadetha alikuwa anatazama mapaja yake, kitenge kilivyoloa, kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

Anatory hakutaka mshikaki, kutupakia wote kwa pamoja, alisema polisi watamkamata. Halafu akamwona mtoto, akawasha pikipiki. Tulikaa hivi: Anatory mbele, Mama Bernadetha nyuma yake, Akimana kati yetu, mimi mwisho nimeshikilia kwa mapaja. Kanga ya msiba wa baba nilikuwa nimeikunja, nimeikandamiza kifuani kwa mwanangu kwa kiganja, na kwenye kila bonde la barabara nilihisi ujoto unapenya. Akimana alikohoa. Kila akikohoa damu ilipata nguvu. Nilitamani kumwambia asikohoe, mtoto ambaye hajawahi kupumua siku moja bila kukohoa. Badala yake nilimwimbia sijui nini, kitu kisichokuwa na maneno. Aliniuliza mara moja kama babu wa Kaniha amepona. Nikasema amepumzika. Kisha hakuuliza tena, na shingo yake ikaanza kulegea kwenye mkono wangu, nami nikampigia kelele Anatory aongeze mwendo, ingawa alikuwa amemaliza mwendo wote aliokuwa nao.

Kwenye hospitali ya misheni tulipokelewa upesi, damu ina namna yake ya kukupitisha mbele ya foleni. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Nilimweleza ugonjwa, nikamweleza vidonge vilivyoachwa, nikamweleza chale. Alifunua ufizi wa Akimana, nao ulikuwa unavuja damu pembeni mwa meno. Akaagiza vitamini K ya sindano, akaagiza damu ya akiba ya kundi lake itafutwe, endapo, na sikuuliza endapo nini. Sindano ilisukumwa polepole kwenye mshipa. Akasema haifanyi kazi papo hapo kama kufunga bomba, ini linahitaji muda wa kutengeneza kinachogandisha damu, mpaka hapo kazi ni kukandamiza na kusubiri.

Nikakandamiza, nikasubiri. Sijui kama kuna kazi ngumu kuliko hiyo. Kila muuguzi alipofunua kitambaa kuangalia nilitazama uso wake badala ya kidonda.

Katikati ya kusubiri ndipo daktari alipouliza vidonge viliachwa lini, na kwa nini. Nikageuka. Nilikuwa nimelibeba swali hilo kutoka Kaniha, na sasa nilikuwa na mtu mwenye koti jeupe wa kulisikiliza jibu pamoja nami. Nilitaka aaibike mbele yake. Nasema ukweli, nilitaka sana.

Mama Bernadetha alikuwa amesimama mlangoni, viatu amevivua, kwa sababu sakafu ilikuwa safi.

"Walikuja wa kampeni, mwezi uliopita," akasema. "Wa matone. Wenye kipaza sauti. Walimtia Akimana matone mdomoni kama watoto wote, wakamweka wino kidoleni. Wakatangaza kijiji kizima: mtoto aliyepata vitamini asipewe tena, mara mbili ni sumu. Nami nyumbani nilikuwa na chupa nzima ya vitamini. Ningefanyaje? Chengachenga hawakuzitaja, hizo sikuacha hata mlo mmoja. Vitamini nilificha."

Akashika kiuno chake. Alivuta pindo la kitenge, lenye fundo gumu lililolowa damu, akalifungua kwa meno, akatoa chupa. Chupa yangu. Ilikuwa karibu imejaa, kifuniko kimefungwa na mpira juu yake.

"Nilikuwa natembea nayo," akasema, "asije akaiona akaila. Anaipenda, ina utamu. Nilikuwa namwambia, ukila mara mbili ni sumu, Bibi hataki ufe."

Daktari alivua miwani. Alimweleza taratibu, akimwita Bibi, kwamba aliyetangaza alisema kweli kuhusu yale matone. Yale ni vitamini A peke yake, kubwa, ya watoto wote, inatosha kwa miezi. Lakini ndani yake hakuna K. Na mwili wa Akimana si kama wa watoto wote. Dawa ya kikohozi ya dukani, kwa kuwa ilikuwa antibayotiki, nayo ilizidisha upungufu. Wakati mwingine matone yakija, aje kwanza kuuliza, lakini kidonge cha kila siku kisiachwe kamwe.

Mama Bernadetha aliitikia kila sentensi kwa kichwa, kama mtu anayesomewa hukumu. Kisha akaweka chupa juu ya kitanda, mbali na mkono wa Akimana, akatoka nje.

Sikumfuata. Hasira yangu ilikuwa palepale, kubwa kama ilivyokuwa, ila haikuwa na pa kwenda. Chupa ilikuwa kiunoni kwake muda wote. Ilikuwa pale mkekani kwa Gaspari, mtoto anavuja damu juu yake. Alikuwa amekalia dawa kwa sababu ya kumlinda mjukuu dhidi ya dawa hiyo hiyo.

Jua lilipokuwa linashuka muuguzi alifunua kitambaa, akainama karibu, akaita mwenzake. Nikafumba macho. Kisha nikasikia anasema, "Njoo uone, imekauka." Nililia hapo, kwa ajili ya Akimana na kwa ajili ya baba, vilio viwili kwa mpigo mmoja. Ildefonce alipiga, nikamweka muuguzi aongee naye kwa sababu mimi sikuweza.

Asubuhi Akimana aliamka anataka uji. Nilikuwa nimepata parachichi kwa mama mmoja wa wodini. Nikampa uji na chengachenga zake, nikampasulia parachichi, nikafungua ile chupa, nikampa kidonge.

Akafunga mdomo.

Nikambembeleza. Akatikisa kichwa. Nikamwambia ni kile kile kitamu anachokipenda. Akaibana midomo mpaka ikawa myeupe, akageukia ukuta. Daktari alikuwa amesema sindano imetuvusha tu, kinachomweka hai ni hiki cha kila siku, leo na kesho na miaka yote. Nikambana mashavu kidogo, Mungu anisamehe, na machozi yakamtoka lakini meno hakuyaachia. Nilipomwachia alisema, huku akinitazama kama mtu mbaya:

"Bibi alisema mara mbili ni sumu. Bibi hataki nife."

Nikakaa kitandani na kidonge mkononi. Basi yale yote, lori, pikipiki, sindano, yote yalikuwa yamefika hapa, kwenye midomo miwili midogo. Na ufunguo wake sikuwa nao mimi.

Mama Bernadetha alikuwa kwenye benchi la nje. Hakulala ndani, ingawa muuguzi alimwita. Kile kitenge chenye damu alikuwa bado amekivaa. Nilimsalimia, shikamoo, ile ambayo nilimnyima jana, akaitikia bila kuinua uso. Nikamwambia mtoto amekataa kidonge, na kwa nini amekataa. Nikamwomba aje ampe yeye.

"Mimi sishiki tena ile chupa," akasema. "Mikono hii hapana. Mpe wewe, wewe ndiye unayejua."

"Mimi haniamini, Mama," nikasema. "Anakuamini wewe."

Ilikuwa kweli, na ilinichoma kuisema. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu kwa Gaspari. Nadhani alikuwa anatafuta usoni mwangu kama namtania au namwadhibu. Labda kulikuwa na vyote viwili. Lakini nilinyoosha mkono, na kiganjani palikuwa na kidonge.

Alikichukua. Aliingia wodini pekupeku, akakaa kitandani, akamvuta Akimana mapajani. Mtoto alitazama kidonge, akamtazama yeye, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kwetu mzee hamwambii mtoto kwamba yeye mwenyewe amekosea. Kama ni lazima, anazunguka, anasingizia usahaulifu, au anamtumia mtu mwingine. Nilisubiri azunguke. Wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa wanasikiliza.

"Mwana wanje," akasema Mama Bernadetha, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anaongea chinichini, "si sumu. Bibi alikosea."

Akimana alifikiri. "Ulikosea?"

"Nilikosea sana. Hiki ni cha kila siku. Kula."

Akashusha mikono. Akafungua mdomo wote, kama alivyofundishwa jana kwa Mzee Gaspari, kama anayemwonyesha bibi meno, na kabla kidonge hakijawekwa juu ya ulimi nilikiona kilimi chake nyuma kabisa, kinaning'inia mahali pake.